Bamvua kwenye skrini: shajara ya mradi wangu wa grafu za 3D

Ijumaa usiku

Naanza kuandika hapa mana nikiyaacha kichwani ntayasahau. Mie nasomesha hesabu, nakaa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mradi wenyewe umeanza kwa swali la kijana niliyemsomesha ambaye saa hizi yuko chuo. Kaniletea z = x² − y² kwenye simu, ananambia mwalimu hii derivativu zake, hesabu za mteremko, nazitafuta zote na mtihani nimepita, ila sijui kitu chenyewe kinafananaje. Nikamchorea kwa mkono hewani, huku kinapanda, huku kinashuka, naye anaitikia kwa heshima tu, naona hajaona kitu.

Basi nikafungua GeoGebra ya 3D, programu ya kuchorea grafu, kwenye simu, nikaandika fomula, uso ukatokea, nikampa auzungushe mwenyewe kwa kidole. Akauzungusha weee, halafu akasema "mwalimu, si tandiko la punda hili!" Ndo lenyewe. Ukishika y iwe 0 unabaki na x², bakuli linaloangalia juu. Ukishika x iwe 0 unabaki na −y², bakuli limefunikwa. Katikati pale mteremko ni sifuri kila upande lakini si kilele wala si shimo, na hilo nimelisomesha kwa maneno miaka mingapi, yeye kalishika kwa kidole dakika mbili. Tukajaribu na x³ − 3xy², yenyewe ina mabonde matatu, Waingereza wanaiita tandiko la nyani kwa sababu mabonde mawili ni ya miguu na moja la mkia, tukaizungusha mpaka chaji ikakata.

Alipoondoka nikabaki nawaza. Nataka fomula ya vigeu viwili ya hapa hapa, kitu ambacho mtoto wa Jambiani akikiona anakijua kabla hajajua hesabu yake.

Jumapili

Nimeipata, na imekuja na shangazi. Shangazi analima mwani, yumo kwenye kazi hii toka ilivyoanza upande wetu huu, mwaka 1989 kule Paje halafu ikashuka mpaka huku. Kapita asubuhi kuniuliza kama simu yangu inaweza kumwambia maji yatapwa saa ngapi wiki ijayo, mana ana mgeni wa kumsaidia kufunga kamba na anataka kumpangia siku. Nikamwambia shangazi wewe ndo unayejua kuliko simu. Akasema "najua, lakini mgeni wangu hajui, anataka aone kimeandikwa."

Hapo hapo ikanijia. Maji ya pwani yanataka vitu viwili ujue yako wapi: leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi toka mwezi uandame, na saa hizi saa ngapi. Vigeu viwili. Jibu lake ni kimo cha maji, hicho ndo z. Kwa hiyo mwezi mzima wa bahari ni uso mmoja, una vilima maji yakijaa na mabonde yakipwa, na bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku maji yanatembea kidogo) yote yatakuwemo mule mule. Sikulala mchana wallahi.

Jumatatu

Fomula. Nimejipa masharti ya kuanza na vitu viwili tu, mawimbi mengine baadaye.

La kwanza ni la mwezi, linarudi kila saa 12.42, yaani saa 12 na dakika 25 hivi. La pili la jua, linarudi kila saa 12 kamili. Yakikutana kilele kwa kilele ndo bamvua, yakipingana ndo maji mafu, na ukipiga hesabu ya kukutana kwao (1 gawa kwa 12 toa 1 gawa kwa 12.42, halafu 1 gawa kwa jibu lake) unapata saa 355 hivi, sawa na siku 14 na robo tatu, nusu ya mwezi. Hesabu hii ilipotoka sawa na mwezi nikaikagua mara tatu kwa furaha tu, sikuwa na shaka nayo.

Vimo nimeweka mita 1.2 kwa wimbi la mwezi na 0.6 kwa la jua, namba za kukadiria za huku kwetu. Ukijumlisha, siku ya bamvua maji yanapanda 1.8 juu ya wastani na kushuka 1.8 chini yake, tofauti mita 3.6. Siku ya maji mafu ni 1.2 toa 0.6, maji yanatembea mita 1.2 tu juu mpaka chini. Mtu yeyote wa pwani atakwambia ndivyo.

Nikaandika hivi, d ni tarehe ya mwezi, h ni saa kuanzia saa sita usiku:

t = 24d + h
z = 1.2 cos(2πt/12.42) + 0.6 cos(2πt/12)

Halafu nitasogeza mianzo ili bamvua iangukie mwezi mosi na maji yajae saa kumi jioni, mana huku bamvua maji yanajaa saa kumi na kupwa saa nne, asubuhi na usiku.

Jumanne usiku

GeoGebra nimeiacha kwa leo, nataka kitu ambacho naweza kukitia namba zangu na kukiprinti, kwa hiyo Python, lugha ya kuandikia programu, na Matplotlib, mkoba wake wa kuchorea grafu, kwenye laptopu. Hii Matplotlib aliianza John Hunter, Mmarekani mtafiti wa ubongo aliyekuwa anataka kuona mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, ikatoka 2003, na leo mie nachorea maji ya Jambiani. Mungu amlipe, ameshafariki.

Kwa asiyejua, programu haichori fomula. Inachora nukta. Unaipa saa kadhaa na siku kadhaa, np.meshgrid (np ni NumPy, mkoba wa hesabu wa Python) inazisuka ziwe wavu, kila fundo la wavu ni siku fulani na saa fulani, unahesabu z ya kila fundo, halafu plot_surface inatandika vipande vya bapa kati ya mafundo. Basi. Kati ya fundo na fundo programu haijui chochote, inakisia tu, na wavu ukiwa na macho makubwa dagaa wanapita.

Nikaweka siku 0 mpaka 30 kwa nukta 100, saa 0 mpaka 24 kwa nukta 100. Nikaran. Kilichotoka ni karatasi iliyokunjwakunjwa na mtoto, michongoma kila mahali, hamna bonde wala kilima. Nikajua ni digrii, nikaangalia, hapana, np.cos inataka radiani na mie nimetia 2π. Nimefunga laptopu, alfajiri iko karibu.

Jumatano

Nikasema wavu una macho makubwa, nikaongeza nukta za siku mpaka 1000. Fujo ikabaki fujo, imebadilika sura tu. Nikashangaa nukta 1000 vipi zionekane chache vile. Kumbe plot_surface yenyewe inachukua mistari 50 tu kila upande hata uipe elfu, kuna rcount na ccount lazima uzipandishe mwenyewe. Nikapandisha, feni ikalia kama mashine ya kukoboa, na baada ya dakika kadhaa ikanitolea bati la migongo. Bati kabisa, migongo 58 nimeihesabu, imejipanga mmoja baada ya mwengine kuelekea mwisho wa mwezi.

58. Nikakaa nayo ile namba nakunywa chai. Saa za siku 30 ni 720, gawa kwa 12.42 unapata 57.97. Yaani kila mgongo ni kujaa kwa maji mara moja, na mie nilitaka kujaa kuonekane upande wa saa, si upande wa siku!

Ndo nikaona kosa, na si la programu, ni langu la hesabu. Nimeruhusu siku iwe na nusu na robo. Fundo la siku 1.5 na h 12, yaani saa sita mchana, kwenye fomula yangu linakuwa 24 × 1.5 + 12, yaani saa 48, hiyo tayari ni siku ya pili saa sita usiku. Saa nimezihesabu mara mbili, mara moja ndani ya siku na mara ya pili ndani ya saa. Tarehe haina nusu, mwezi tatu ni mwezi tatu kutwa nzima. d lazima iwe namba kamili.

Nikabadilisha mstari mmoja, d = np.arange(1, 31), yaani 1 mpaka 30, saa nikaziacha nukta 241 yaani kila dakika sita, ccount nikaipa 241. Nikaran.

Jamani. Uso mmoja mlaini umelala kwenye skrini, vilima virefu viwili na mabonde mawili, mabonde yanakatiza kiupandeupande kwa sababu kila siku maji yanachelewa, katikati ya mwezi yanachimba chini halafu yanafifia halafu yanachimba tena. Bamvua mbili na maji mafu mawili, naziona kwa macho. Nimemwita mke wangu kutoka jikoni aje aone.

Kitu chengine nilichoona baadaye: kwa siku kamili wimbi la mwezi linazunguka mara 1.932 kila siku, na mizunguko mizima 2 ukiitoa hakuna kinachobadilika, kunabaki −0.0676. Kwa hiyo fomula inaandikika hivi:

z = 1.2 cos(2π((h − 16)/12.42 − 0.0676(d − 1))) + 0.6 cos(2π(h − 16)/12)

Hii hata ukiitia siku na nusu hailipuki, ni uso ule ule laini, na inaingia kwenye GeoGebra ya simu bila taabu. Kilima kwenye 16 ndo saa kumi jioni.

Alkhamisi

Kazi ya kupamba, haraka haraka. Rangi nimetia viridis, zambarau iliyoiva chini mpaka manjano juu, inasomeka hata ikiprintiwa nyeusi na nyeupe. Mhimili wa saa nimeutoa namba 0 mpaka 24 nikaandika saa zetu: saa 6 usiku, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Nilikuwa naona ni jambo dogo, lakini shangazi hawezi kusoma "16" halafu ajue ni saa kumi, na kwa nini ajilazimishe, saa ni zake. Mhimili wa siku umeandikwa mwezi 1 mpaka 30.

Kwenye siku kuna mgongano nauandika nisije nikausahau. Siku ya mwezi inaanza magharibi, yangu ya kwenye grafu inaanza saa sita usiku. Kwa hiyo bonde la saa nne usiku lililoko kwenye tarehe 2 yangu, kwa shangazi tayari ni usiku wa mwezi tatu. Kwa mchana hakuna tofauti, na mwani unafungwa mchana, kwa hiyo nimeacha.

Jumamosi

Leo shangazi kaja kuona. Nimeweka laptopu barazani, nikampa mausi auzungushe. Kwanza hakusema kitu. Halafu akauweka uso uangalie kwa juu kabisa, akafuata bonde kwa kidole, mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu.

"Hili shimo lako la chini kabisa umeliweka mwezi mosi?"

Ndiyo shangazi.

"Siyo. Mwezi ukiandama maji bado. Bamvua lenyewe ni mwezi pili, mwezi tatu. Na la pili kumi na sita, kumi na saba. Hapa ulipoweka, ukienda utayakuta maji bado magotini."

Kweli, bahari inachelewa nyuma ya mwezi, haiitikii siku ile ile, na mie niliibandika bamvua kwenye mwezi mosi kwa mkato wa karatasi. Nikabadilisha d − 1 ikawa d − 2, nikaran mbele yake, bonde likasogea, la pili likaanguka kati ya 16 na 17 lenyewe bila kuguswa. Akatikisa kichwa, "hapo sawa."

Halafu akaniuliza swali ambalo toka asubuhi sijalitoa kichwani. Anafuata bonde kwa kidole, akafika kama mwezi nane, tisa, akasema "mbona hapa limepinda?"

Nikaangalia. Limepinda kweli. Mie siku zote nimesomesha kuwa maji yanachelewa dakika 50 kila siku, yaani mstari ulionyooka, na kwenye fomula hakuna kitu kilichopinda, wimbi la mwezi linasogea sawasawa, la jua halisogei kabisa. Lakini ukiyajumlisha, bonde halinyooki. Siku za bamvua linakwenda taratibu, siku za maji mafu linaruka. Nikatafuta kwa kila siku saa ambayo z ni ndogo kuliko zote (np.argmin, mstari mmoja), nikatoa tofauti: karibu na bamvua kuchelewa ni dakika 33 au 34 kwa siku, karibu na maji mafu inafika 105, saa moja na dakika arobaini na tano! Wastani ndo ile 50. Sababu yake ukiiona ni nyepesi: wakati wa bamvua wimbi la jua linavuta upande mmoja na la mwezi, kwa hiyo linalizuia lisisogee haraka, theluthi mbili ya 50. Wakati wa maji mafu linapingana nalo, linabaki la mwezi peke yake limepungua nguvu, na kilele kinateleza mara mbili ya 50.

Namweleza shangazi haya kwa shauku, ananisikiliza, ananijibu: "Eeh. Maji mafu hayana saa. Leo saa tisa, kesho hujui. Bibi yako akisema hivyo."

Nimesoma hesabu miaka mitano chuo na skuli na hili sikulijua, lilikuwa ndani ya fomula niliyoiandika kwa mkono wangu, na kwenye karatasi halionekani hata ukiiangalia mpaka kesho. Kwenye uso linaonekana kwa kidole.

Jumanne

Shangazi anataka karatasi, hataki kilima. Kasema kizuri lakini ukutani hakikai. Haki yake, uso wa 3D ukiuprinti umekufa, huwezi kuuzungusha na kilima cha mbele kinaficha bonde la nyuma. Kwa hiyo nimeukata. Nimechukua kimo cha mita 1.4 chini ya wastani, ambacho kwa shamba lake ni kama maji ya vifundoni, nikachora kontua, mstari wa kimo kimoja, kwenye urefu ule tu, kila kilichoko chini yake nikakitia rangi.

Vinatokea visiwa vinne, viwili vya mchana na viwili vya usiku, vyote vimelala kiupande, na vipande viwili pembeni mwa mwisho ambavyo ni bamvua la mwezi unaofuata linaingia. Kisiwa cha mchana cha pili kinaanza mwezi 14 na kuishia mwezi 20, siku saba. Maji yamepwa kabisa saa mbili na robo siku ya kwanza, saa nne mwezi 17, saa sita kasorobo siku ya mwisho. Upana wake katikati ni saa mbili na nusu na kidogo, ndo muda wa kuingia, kufunga na kutoka. Shangazi anasema yeye anafanya zaidi, anaingia maji yakiwa bado magotini anayafuata yanavyotoka. Basi karatasi imeandikwa pembeni: ingia mapema.

Nimemprintia A4, herufi kubwa. Mgeni wake kashaipiga picha.

Mwezi pili, asubuhi

Toka leo naandika tarehe za mwezi mana ndo za mradi.

Nimekwenda na shangazi mpaka shambani kwake, nimebeba fito niliyoitia alama kila sentimita 10, nikaichomeka kwenye mchanga pembeni ya vigingi. Fomula inasema maji yatapwa saa nne kasoro dakika nane. Nimesoma fito kila dakika tano. Saa nne kasoro dakika nane maji bado yanashuka. Saa nne kamili yanashuka. Saa nne na dakika ishirini yamesimama, kwenye fito yamebaki alama ile ile masomo matatu, halafu saa nne na nusu yakaanza kupanda. Nimekosea kama nusu saa.

Shangazi wala hakushangaa. Anasema ndani ya mwamba maji hayana njia kubwa, yanachelewa kutoka, kule nje mkondoni yameshageuka zamani. Kwa hiyo ile 16 kwenye fomula ni ya bahari ya nje, ya shamba lake ni 16 na nusu hivi. Namba moja, nimeibadilisha pale pale kwenye simu kwa mkono uliolowa, uso wote ukasogea kidogo.

Nimeiacha fito kwenye mchanga, nimeifunga kwa kamba ya mwani na kigingi chake. Nnachotaka kukiona sasa ni ule mruko. Fomula ya nje inasema mwezi tisa maji yatapwa saa tisa na dakika 18 alasiri, mwezi kumi saa kumi na moja na dakika 3, ongeza nusu saa kwa huku ndani. Maji mafu hakuna mwenye kazi shambani siku hizo, lakini shangazi kasema atakuja.